Ndoa moja, pasipoti mbili: kisa cha fleti ya Torrevieja

Dada ni mzaliwa wa Muheza, Tanga, nesi mstaafu aliyemalizia utumishi wake katika hospitali za Liverpool. Mumewe, ambaye nitamwita Shemeji kwa kuwa ndivyo tunavyomwita sisi wa upande wa mke, ni Mwingereza wa Liverpool hiyohiyo, fundi umeme aliyestaafu. Mwaka 2014 walinunua fleti ya vyumba viwili Torrevieja, mji wa pwani katika mkoa wa Alicante, Hispania. Kwa miaka kadhaa walikuwa wakienda huko kukimbia baridi. Sasa wanataka kuhamia jumla, wameniomba ushauri, na swali lao ni fupi: waombe kibali gani?

Nimekisuka kisa hiki kutokana na hali za familia zaidi ya moja ili asitambulike mtu. Sheria na viwango vya fedha nimeviacha kama vilivyo.

Kosa la kwanza ambalo watu hufanya wakisikia kisa cha namna hii ni kukichukulia kuwa cha wazee wawili wa Kiingereza wanaotaka jua. Shemeji ana pasipoti ya Uingereza. Dada ana ya Tanzania, pamoja na ukaazi wa kudumu wa Uingereza alioupata zamani na hakutaka kuuendeleza kuwa uraia. Kila kibali kinachotajwa hapa chini kina sura mbili, moja kwa mume na nyingine kwa mke, na kile kilichoonekana rahisi kwa mume ndicho kingemuumiza mke zaidi.

Walivyokuwa kabla ya 2021

Uingereza ilipokuwa ndani ya Umoja wa Ulaya, Shemeji aliingia Hispania akitoka apendavyo. Dada alihitaji viza, ila ilikuwa viza ya bure. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 kuhusu uhuru wa kutembea inampa mwenza wa raia wa Umoja huo viza bila malipo na kwa utaratibu wa haraka, mradi anasafiri na mume au mke wake au anamfuata. Hakuulizwa akiba benki wala tiketi ya kurudi. Aliulizwa cheti cha ndoa tu.

Walikuwa wakifika mwanzoni mwa Oktoba na kuondoka mwisho wa Machi. Kwa sheria ya Hispania, raia wa Umoja wa Ulaya anayekaa zaidi ya miezi mitatu alipaswa kujiandikisha katika daftari la wageni na kupewa cheti cha kijani. Hawakujiandikisha. Majirani zao wengi wa Kiingereza pia hawakujiandikisha, na sababu zao zilifanana: waliogopa kodi ya Hispania, na hawakutaka kuondolewa kwenye orodha ya daktari wao wa mtaani kule nyumbani. Kuishi bila kujiandikisha kulikuwa na raha yake, maana nchi mbili zilikuona na hakuna iliyokudai.

Halafu ikaja Desemba 31, 2020. Uingereza ilikuwa imeshatoka kwenye Umoja tangu Januari 31 mwaka huo, na siku hiyo ya mwisho wa mwaka ndiyo kipindi cha mpito kilipofungwa. Mkataba wa kujitoa uliwalinda Waingereza waliokuwa wakiishi kihalali katika nchi ya Umoja kabla ya siku hiyo na wakaendelea kuishi hapo. Neno lenyewe ni kuishi. Kumiliki fleti hakukutajwa popote.

Hapa Shemeji alikuwa na tumaini, na halikuwa la kijinga. Nchi za Umoja ziligawanyika mafungu mawili. Ufaransa, Uholanzi, Sweden, Denmark na nyingine kadhaa zilitaka kila Mwingereza aombe hadhi mpya kabla ya tarehe fulani, na asipoomba, haki imepotea. Denmark iliwahi kumwamuru mtu aondoke kwa kuchelewa siku nne tu, mpaka serikali yake ilipofungua tena dirisha la maombi mwaka 2023. Hispania, Ureno, Italia na Ujerumani zilikwenda njia nyingine: haki inatoka kwenye mkataba moja kwa moja, na kadi ni ushahidi tu wa haki ambayo tayari unayo. Kwa hiyo Mwingereza aliyeishi Hispania mwaka 2020 angeweza kuomba kadi baadaye, alimradi athibitishe kwamba aliishi huko.

Shemeji akaleta faili. Ndani yake mlikuwa na hati ya nyumba iliyosainiwa kwa mthibitishaji, risiti za kodi ya majengo za kila mwaka, na bili za umeme zilizopangwa kwa miezi, kazi ya fundi umeme kweli. Nikaanza na bili. Kuanzia Machi 2020 hadi majira ya joto ya 2021, matumizi ya umeme yalikuwa karibu na sifuri, wakitozwa ada ya kuunganishwa tu. Bila shaka: korona ilikuwa imewafungia Liverpool. Bili alizozileta kama shahidi wake zilikuwa zikitoa ushahidi dhidi yake, na yeye mwenyewe alivyozitazama mara ya pili aliliona hilo kabla sijamaliza kuzungumza.

Angeweza kuziondoa kwenye faili. Kuna watu waliofanya mabaya zaidi ya hapo, wakanunua mikataba ya kupanga iliyorudishwa tarehe nyuma. Ofisi za uhamiaji za Hispania huomba cheti cha padrón, yaani orodha ya wakazi inayotunzwa na manispaa, na orodha hiyo ina tarehe ya siku ulipoandikwa. Shemeji hakuwa kwenye padrón kabla ya 2021. Mlango wa mkataba ulikuwa umefungwa kwake, na sioni hoja ya uaminifu ambayo ingeufungua.

Hesabu ya siku tisini

Baada ya hapo Shemeji akawa mgeni wa kawaida. Raia wa Uingereza haombi viza ya kutembelea nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, Hispania ikiwemo, lakini anabanwa na kanuni ya siku 90 ndani ya kila siku 180. Dada naye alibanwa na kanuni hiyohiyo, ila yeye sasa aliomba viza ya kulipia, kwa kuwa mumewe hakuwa tena raia wa Umoja wa Ulaya. Ada ilikuwa euro 80, na tangu Juni 2024 ni euro 90. Juu yake kuna malipo ya kampuni inayopokea maombi, taarifa za benki, bima ya safari, na safari ya kwenda kutoa alama za vidole. Kwa ufupi, Brexit ilimrudisha Dada kwenye foleni aliyoijua tangu ujana, na Shemeji ndiyo kwanza alikuwa anaionja.

Kanuni ya 90 kwa 180 huwachanganya watu kwa sababu wanadhani mwaka umegawanywa vipande viwili, na kwamba ukitoka kidogo hesabu inaanza upya. Haianzi upya. Kila siku unapokuwa ndani, unatazama nyuma siku 180, ukiihesabu na ya leo, na jumla ya siku ulizokuwa ndani isizidi 90. Siku ya kuingia inahesabiwa, na ya kutoka pia.

Tuchukue msimu wao mmoja. Waliingia Oktoba 1 na kutoka Desemba 20 kwenda kula Krismasi na watoto Liverpool. Hapo tayari ni siku 81: Oktoba 31, Novemba 30, Desemba 20. Wakarudi Torrevieja Januari 3. Shemeji alikuwa na uhakika kwamba kwa kutoka wiki mbili amejipatia siku 90 mpya, na tiketi ya kurudi Liverpool alikwishakata ya mwisho wa Machi. Dada hakuwa na uhakika huo hata kidogo. Mtu aliyesafiri maisha yake yote na pasipoti ya Tanzania hujua kusoma kibandiko cha viza, na cha kwake kilikuwa kimeandika idadi ya siku waziwazi. Alikaa na kalenda ya ukutani na kalamu nyekundu, akapata kwamba zilizobaki ni siku tisa, kuanzia Januari 3 hadi 11.

Akamwambia, "Mzee, tarehe kumi na moja tunaondoka. Kata tiketi nyingine."

Walibishana, na tiketi ikakatwa. Kama Shemeji angeshinda ule ubishi na kukaa mpaka mwisho wa Machi, angekuwa amepitiliza kwa zaidi ya miezi miwili. Kwa sheria ya wageni ya Hispania hilo ni kosa zito, ambalo adhabu yake ni faini ya kuanzia euro 501 hadi 10,000, au kufukuzwa nchini na kupigwa marufuku ya kurudi. Zamani wengi waliponea kwenye mihuri iliyofifia na maafisa wasiokuwa na muda wa kupekua kurasa. Tangu Oktoba 12, 2025, nchi za Schengen zimeanza kutumia mfumo wa kielektroniki wa kuingia na kutoka. Mfumo huo unachukua picha ya uso na alama za vidole za msafiri, kisha wenyewe unahesabu siku. Kalenda ya Dada sasa inatunzwa na kompyuta, nayo haibishani na mtu.

Wangeweza kuishi hivyo, miezi mitatu ndani na mitatu nje. Wengi wanaishi hivyo. Lakini wao walikuwa wanazungumzia kuuza nyumba ya Liverpool, na huwezi kuuza nyumba ya nchi moja ukabaki mtalii katika nchi nyingine.

Kibali cha wasiofanya kazi

Njia ambayo kila mtu wa Torrevieja huitaja kwanza ni viza ya ukaazi isiyo ya kujipatia kipato. Ni ya mtu mwenye pensheni au akiba ambaye ataishi Hispania bila kufanya kazi. Kiwango cha fedha kinafungwa kwenye kipimo cha serikali kiitwacho IPREM, ambacho kwa miaka ya 2023, 2024 na 2025 kimekuwa euro 600 kwa mwezi. Mwombaji mkuu anatakiwa aonyeshe mara nne ya kipimo hicho, yaani euro 2,400 kwa mwezi au 28,800 kwa mwaka, na kwa kila mtegemezi anaongeza kipimo kimoja, euro 7,200 kwa mwaka. Mume na mke: euro 36,000.

Pensheni zao zote pamoja, ya serikali ya kila mmoja, ya Shemeji ya kampuni na ya Dada ya unesi, zilifika kama pauni 31,000 kwa mwaka. Pauni ikiwa na nguvu wanavuka kizingiti, ikilegea wanapungukiwa na mia kadhaa za euro. Hilo lingezibwa na akiba, kwa hiyo halikunitisha. Makaratasi pia yanawezekana: cheti cha polisi cha kutokuwa na makosa, cheti cha daktari, bima ya afya ya binafsi isiyokuachia sehemu ya kulipa mwenyewe, vyote vikiwa na apostili, yaani uthibitisho wa kimataifa wa hati, pale inapohitajika na tafsiri ya mfasiri aliyeapishwa. Bima kwa watu waliopita miaka 65 ni ghali, na baadhi ya kampuni hazitaki kuwaona kabisa.

Kilichonifanya nisite ni kazi ya Dada. Tangu astaafu anakalimani kwa simu. Hospitali na ofisi za Uingereza zinapompata mgonjwa au mteja wa Kiswahili asiyejua Kiingereza, zinapiga, na yeye anakaa katikati. Ni saa chache kwa wiki na malipo si makubwa, lakini anaipenda, na usiku mmoja mwenye uchungu wa kujifungua akisikia Kiswahili cha Tanga masikioni hutulia kidogo. Viza hii inakataza kazi, na balozi ndogo za Hispania zimekuwa zikisimamia kwamba kufanya kazi kwa mbali kutoka sebuleni kwako ni kazi pia. Wengine wananyamaza tu na kuendelea. Sikumshauri hivyo, kwa sababu malipo yanaingia benki kila mwezi, na benki hiyohiyo ndiyo inayotoa taarifa wakati wa kuhuisha kibali.

Ile viza ya wafanyao kazi kwa mbali, iliyoletwa na sheria ya 2022, inataka kipato cha kazi cha mara mbili ya mshahara wa chini wa Hispania. Saa zake chache hazifiki hapo hata karibu. Na viza ya dhahabu, ya wanaonunua nyumba ya euro 500,000 na kuendelea, ilifutwa Aprili 3, 2025. Fleti yao haikuwa na thamani hiyo hata kama viza hiyo ingekuwapo bado.

Basi kibali cha wasiofanya kazi kilibaki njia halali, yenye gharama, na inayomtaka mke aache kitu chake ili mume apate jua lake. Nilikuwa tayari kuandika hivyo kwenye ushauri wangu.

Bibi wa Mayo

Katika kujaza fomu za polisi, Shemeji aliulizwa alikozaliwa mama yake. Liverpool, akasema, ila bibi yake mzaa mama alitokea County Mayo, Ireland. Alilisema kama mtu anayetaja rangi ya paka. Liverpool imejaa watu wenye bibi wa Ireland, na kwao si habari.

Kwa sheria ya Ireland, mtu ambaye babu au bibi yake alizaliwa katika kisiwa cha Ireland anaweza kujiandikisha katika daftari la waliozaliwa ng'ambo na kuwa raia, hata kama wazazi wake hawakuwahi kukanyaga huko wala kuomba chochote. Uingereza inaruhusu uraia pacha, Ireland vilevile. Shemeji hangepoteza kitu. Angepata pasipoti ya nchi ya Umoja wa Ulaya, na pamoja nayo kila kitu alichokipoteza usiku ule wa Desemba 2020.

Aliniuliza kama Hispania haitasema kwamba huu ni ujanja, kwamba yeye ni Mwingereza tu aliyevaa koti la Kiayalandi. Swali hilo lilikwisha kujibiwa Julai 1992, tena na kesi iliyotoka Hispania. Daktari wa meno wa Argentina, aliyekuwa na uraia wa Italia pia, alinyimwa kadi ya ukaazi huko Cantabria kwa hoja kwamba maisha yake yalikuwa Argentina. Mahakama ya Ulaya, katika shauri la Micheletti, ilisema kila nchi huamua nani ni raia wake, na nchi mwanachama mwingine haina ruhusa ya kuongeza masharti juu ya uamuzi huo. Ireland ikisema huyu ni wetu, Hispania inampokea.

Lakini kuna jambo moja ambalo nililirudia mara mbili ili lisisahaulike. Uraia unaopatikana kwa daftari hilo huanza siku jina linapoandikwa. Haurudi nyuma hadi siku ya kuzaliwa. Kwa hiyo hauponyi zile bili za umeme za 2020, wala haumgeuzi Shemeji kuwa mtu aliyekuwa akiishi Hispania kihalali tangu zamani. Anaanza upya kama Mwayalandi mpya anayefika Alicante.

Kama Mwayalandi huyo, atajiandikisha kwenye daftari la wageni na kupewa cheti cha kijani alichokikwepa miaka ile yote. Atatakiwa kuonyesha kwamba ana njia ya kujikimu na bima ya afya. Kujikimu hapa hakupimwi kwa zile euro 28,800. Hupimwa kwa pensheni ya chini ya kijamii ya Hispania, ambayo haifiki hata theluthi ya kiasi hicho. Na kwa afya, mtu anayepokea pensheni ya serikali ya Uingereza anaweza kuomba fomu ya S1, inayomwingiza katika huduma ya afya ya Hispania kwa gharama ya Uingereza. Bima ile ya bei ya kuruka inaondoka.

Dada naye anarudi kwenye nafasi yake ya zamani: mke wa raia wa Umoja wa Ulaya. Viza ya bure, kisha ndani ya miezi mitatu ya kufika anaomba kadi ya mwanafamilia, ya miaka mitano. Kadi hiyo inampa haki ya kufanya kazi. Simu zake za ukalimani zitaendelea, ila sasa kwa kutangaza kipato na kulipa michango panapostahili.

Ushahidi ndio uliochukua muda. Ireland imesajili vizazi kiserikali tangu 1864, kwa hiyo cheti cha bibi aliyezaliwa mwanzoni mwa karne ya 20 kilipatikana. Lakini jina lake la kwanza limeandikwa kwa tahajia moja kwenye cheti cha Mayo na kwa nyingine kwenye cheti cha kuzaliwa cha mama yake Shemeji, na umri alioutaja siku ya kufunga ndoa umempunguza miaka miwili. Hayo ni ya kawaida kwa watu wa enzi ile, na maafisa wa Dublin wameyaona sana. Tulichofanya ni kuunganisha mnyororo: cheti cha kuzaliwa cha bibi, cha ndoa, cha kifo, kisha vitatu hivyohivyo vya mama, kisha cha kuzaliwa na cha ndoa vya Shemeji mwenyewe. Barua fupi ikaeleza tofauti za jina, ikiambatana na kurasa za sensa ya 1911 inayomwonyesha mtoto huyo nyumbani kwao. Ada kwa mtu mzima ni euro 278, na kusubiri ni miezi mingi. Kwa kulinganisha, bima ya mwaka mmoja kwa wawili ingezidi mara kadhaa.

Cheti cha ndoa ya Dada na Shemeji kilisumbua kuliko cha bibi. Walioana Tanga. Tanzania haitoi apostili, kwa hiyo cheti kinapitia RITA, wakala wa usajili wa serikali, kuhakikiwa, halafu Wizara ya Mambo ya Nje, halafu ubalozi wa Hispania Dar es Salaam, ndipo mfasiri aliyeapishwa akitafsiri. Mpwa wake mmoja alipewa kazi hiyo na nauli ya daladala.

Milango ya Dada

Watu waliosikia kisa hiki walikuwa na suluhisho lao: Dada achukue uraia wa Uingereza, yaishe. Ana sifa zote, na kwa kuwa amepita miaka 65 haombwi hata mtihani wa maisha ya Uingereza. Lakini Tanzania haikubali uraia pacha kwa mtu mzima. Akiapa London, anaacha kuwa Mtanzania, na chini ya kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya 1999 asiye raia kwa kawaida hamiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Dada ana shamba la michungwa Muheza alilorithi kwa baba yake. Hajalima mwenyewe kwa miaka mingi, ila kila msimu anapigiwa simu kuulizwa matunda yauzwe bei gani. Sikuona haja ya kumshawishi. Tena kwa Hispania uraia wa Uingereza usingempa haki ya kuishi huko, maana nao umeshakuwa uraia wa mgeni.

Na kwa nini wasihamie Muheza? Waliifikiria. Huko Shemeji ndiye angekuwa wa kutafuta kibali, jambo ambalo Dada alilichekea sana. Kikwazo ni pensheni. Uingereza hupandisha pensheni ya serikali kila mwaka kwa wastaafu wanaoishi ndani ya Umoja wa Ulaya, Hispania ikiwemo. Kwa wanaoishi Tanzania au Kenya haipandishi. Inabaki palepale ilipokuwa siku walipohama, miaka kumi, ishirini. Wastaafu wetu wengi wanaorudi nyumbani hulijua hili baada ya kufika.

Ukaazi wa kudumu wa Dada huko Uingereza una uhai wake pia. Hufa ukikaa nje ya nchi hiyo zaidi ya miaka miwili mfululizo. Kadi yake ya plastiki ilikoma mwisho wa 2024 na sasa hadhi iko kwenye mfumo wa mtandaoni, jambo linalowafanya watu wadhani kwamba haiwezi kupotea kwa kuwa hakuna cha kupoteza mkononi. Wanapanga kwenda Liverpool kila majira ya joto kuona wajukuu, na hilo linakatisha miaka miwili. Hata hivyo afisa wa mpakani ana haki ya kumuuliza kama makazi yake bado ni Uingereza, na jibu la kweli, baada ya nyumba kuuzwa, litakuwa hapana. Nimewashauri wasiuze nyumba ya Liverpool katika mwaka wa kwanza. Ukaazi ukifa, kuna viza ya mkaazi anayerejea, ambayo hutolewa kwa kupima mambo, au viza ya mwenza, ambayo tangu Aprili 2024 inataka kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Kipato hicho wanacho wakiwa wawili.

Kodi niitaje kwa haraka. Wakikaa Hispania zaidi ya siku 183 katika mwaka, ni wakaazi wa kikodi huko. Faida ya akiba waliyoiweka Uingereza kwenye akaunti zisizokatwa kodi itakatwa kodi Hispania, na mali zilizo nje zinazozidi euro 50,000 kwa kila aina hutangazwa kabla ya Aprili ya mwaka unaofuata. Kwa hili nimewapeleka kwa mhasibu.

Lililobaki ni lile ambalo hakuna aliyependa kulizungumza. Hadhi yote ya Dada Hispania inaning'inia kwa Shemeji, na Shemeji ana moyo uliokwisha wekewa vyuma. Sheria ya 2004 inasema mwanafamilia asiye raia wa Umoja hapotezi haki yake mwenza akifariki, kama alikwishaishi katika nchi hiyo akiwa mwanafamilia kwa angalau mwaka mmoja kabla ya kifo. Mwaka huo huhesabiwa kwa kuishi kweli, na ushahidi wake ni uleule uliomwangusha mumewe mara ya kwanza. Kwa hiyo siku watakapofika, kabla ya kufungua masanduku, waende wote wawili manispaa ya Torrevieja waandikwe kwenye padrón kwa tarehe moja, na jina la Dada liwekwe kwenye mkataba wa umeme.